Barua ya Bienfait

Kila siku baada ya shule, Sagesse aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yao huko Kadutu, mtaa wa mlimani, na kulitazama Ziwa Kivu kule chini. Jina lake kwa Kifaransa maana yake ni hekima, lakini jina hilo lilikuwa bado linamsubiri akue. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mawazo yake yalielea kama ukungu wa asubuhi. Sufuria ya maharage iliweza kuungua mbele yake, yeye akiwa mbali visiwani.

Hata hivyo majirani walimpenda, kwa sababu alisoma vizuri. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na barua zilifika kwa boti, mikononi mwa wauza samaki. Akina mama wengi wa mtaa hawakujua kusoma, basi walimletea Sagesse awasomee. Naye akiona maneno ni makavu aliyatia chumvi kidogo: salamu mbili zikawa kumi, "nimekukumbuka" ikawa wimbo mzima. Watu waliondoka wakitabasamu, na Sagesse hakuona ubaya wowote.

Jumatatu moja alikuja Maman Godelive, muuza unga wa muhogo. Mwanawe wa pekee, Bienfait, alikuwa Kalehe, mwendo wa boti kutoka hapo, kwa mjomba wake vita vilipoanza tena. Kwa miezi mitano mama huyo hakuwa amesikia habari zake.

"Mutoto wangu, nisomee," alisema, akifungua fundo la kitenge chake na kutoa barua. "Tangu asubui moyo iko napiga."

Sagesse aliikunjua karatasi. Mwandiko ulikuwa umepinda. "Mama, muguu imevimba, siwezi kutembea. Mjomba alikimbilia pori, nimebaki peke yangu hapa kwa misioni. Kuja unichukue."

Aliinua macho. Maman Godelive alikuwa amefumba yake, amefumbata mikono kama yuko kanisani. Sagesse aliyaogopa machozi ambayo hata hayajatoka. Akalitazama ziwa, na maneno yakaja yenyewe, laini.

"Mama, niko muzima. Asubui tunaangalia boti za samaki sambaza zikirudi na taa zao. Ninakula, ninanenepa. Usiwe na wasiwasi."

Maman Godelive alicheka, akaibusu karatasi. "Aksanti. Leo nitalala."

Siku iliyofuata, mwalimu alipoandika ubaoni, Sagesse aliona ule mwandiko uliopinda tu. Jumatano alimkuta Maman Godelive sokoni akichagua shati la buluu, pana sana.

"Bienfait iko nanenepa," mama huyo alikuwa akimweleza muuzaji kwa furaha.

Sagesse alimsogelea. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale, mbele ya lile shati.

"Maman, nilikudanganya," alisema akilia. "Barua haikusema vile."

Shati lilirudi mezani polepole. Maman Godelive hakumpiga wala hakumtukana. Alifungua fundo la kitenge, akatoa karatasi.

"Soma. Yote, vile iko."

Sagesse alisoma. Muda mfupi baadaye muuzaji wa meza ya jirani alikuwa akimlindia Maman Godelive unga wake, na mama yule alikuwa mbioni kwenda bandarini. Siku tatu Sagesse alilitazama ziwa bila kuota chochote. Alizitazama boti tu, moja baada ya nyingine.

Jumamosi aliwaona wakipanda mlima, Bienfait amemwegemea mama yake, mguu umefungwa kitambaa.

"Muganga anasema tungechelewa siku zingine mbili, wangeukata," alisema Maman Godelive.

"Unisamehe, Maman."

"Nimekusamehe. Lakini kosa iko yetu wawili. Weye uliongeza yako, na miye nilifumba macho mbele ya barua ya mutoto wangu. Anayetafuniwa hajui ladha ya chakula. Sasa unifundishe."

Wakaanza na kipande cha mkaa na ubao wa sanduku la sabuni. Wiki ya pili walikuja akina mama wanne. Baadaye paroko akawapa kibaraza cha kanisa wasomee hapo, pamoja na chaki.

Miezi mitatu ikapita. Alasiri moja, mbele ya wenzake, Maman Godelive aliitoa ile karatasi iliyochakaa, akapitisha kidole chini ya maneno.

"Ma-ma... mu-guu... i-me-vi-mba... Ku-ja... u-ni-chu-ku-e."

Machozi yakamtoka. Sagesse alitamani kuyazuia kwa neno zuri, lakini safari hii alinyamaza.

"Munaona?" Maman Godelive aliwaambia wenzake akijifuta uso. "Barua ya kweli inaliza. Lakini ndiyo ilinirudishia mutoto. Kila mutu ajifunze kusoma yake."