Kiondo Kilichofumuliwa Kila Jumamosi

Nina umri wa miaka hamsini na miwili. Ni seremala, na karakana yangu iko Kianda, Kibera. Shule niliacha darasa la saba. Mengine yote niliyo nayo kichwani nimeyatoa katika vitabu vya mitumba, na kila jambo la maana huliandika kwenye daftari. Nawaambia haya mapema, wasomaji wenzangu, ili mjue kwamba sikudanganywa kwa kukosa kusoma. Nilidanganywa kwa sababu niliamini karatasi kuliko mama yangu mzazi.

Mama alitoka Kitui kuja kukaa nasi baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Mimi na mke wangu tulikuwa tukitoka asubuhi, naye anabaki chumbani peke yake na kiondo chake. Amesuka viondo tangu usichana. Husokota uzi wa katani juu ya paja huku akizungumza, wala haangalii mikono. Daktari alituambia vidole vyake vina ugonjwa wa viungo, na vikikaa bure vitakakamaa. "Huyu msimnyang'anye kazi yake," alisema. Nikaandika.

Kwa hiyo nilipotafuta nyumba ya kutunzia wazee niliuliza swali moja tu: watakuwa wakifanya nini mchana kutwa? Nilizunguka nyumba tatu. Ya Kawangware ndiyo iliyonijibu kwa maandishi. Ratiba ilibandikwa ukutani, imepigwa mistari kwa rula. Jumatatu mazoezi ya viungo, Jumanne ususi, Jumatano bao, Alhamisi ususi tena, Ijumaa kupalilia sukuma wiki kwenye magunia. Kando ya kila shughuli, tiki.

"Hapa mzee hakai bure, Baba Mwende," aliniambia mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Madam. Niliitazama ile mistari iliyonyooka... yeye sikumtazama usoni.

Mama alikubali kwa sharti moja. Binti yangu Mwende alikuwa ameposwa, na Mama alitaka kumsukia kiondo cha kwenda nacho kwake. "Nikikimaliza, unirudishe nyumbani," alisema. Nikaahidi.

Wageni waliruhusiwa Jumamosi, saa nane hadi saa kumi. Sikukosa hata Jumamosi moja, na sikuchelewa hata dakika tano. Nilikuta kila kitu kama kilivyoandikwa. Mzee Wekesa, jirani yake Mama, yuko mbele ya bao anamtania mwenzake kwamba anacheza kama mtu anayeficha kete mfukoni. Mama ana kiondo mapajani. Watu wa makanisa wanawapiga picha.

Jumamosi ya nne Mama alinishika mkono.

"Mutua, wanafumua."

"Wanafumua nini, Mwaitu?" Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

"Kiondo. Mkitoka tu, huyu msichana anafumua nilichosuka. Na siku zingine uzi hatupewi."

Mhudumu, Rispa, alikuwa amekaa karibu. Alicheka kidogo. "Shosho naye. Jana si tulisuka hadi jioni?"

Jana ilikuwa Ijumaa. Ijumaa ni siku ya sukuma wiki! Mimi ninayepima ubao mara mbili kabla ya kuukata, sikuliona hilo. Niliinuka nikaenda ukutani, nikakuta tiki zote ziko mahali pake. Wakati huo nilikuwa nasoma kitabu kuhusu ubongo wa wazee. Nikarudi nikamwambia mama yangu, kwa upole wa mtu anayejiona msomi, "Mwaitu, unasahau."

Alirudi kwenye uzi wake.

Sikuishia hapo. Nilimfuata Madam ofisini nikamweleza kwamba Mama ameanza kusahau. Nikamwazima na kile kitabu!

Miezi mitano ilipita. Mama hakulitaja tena. Kiondo kilikuwa na mstari mwekundu, na juu ya mstari huo mizunguko michache. Kila Jumamosi ni michache ile ile. Nilikiona kwa macho yangu, nikajiambia uzee una mwendo wake.

Jumatano moja nilikwenda Kawangware kumwekea mteja mlango, nikamaliza mapema. Geti la nyumba ile lilikuwa wazi, mkokoteni wa maji unaingia. Nikaingia nyuma yake.

Wazee walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi ya ushoroba, wanatazama ukuta. Hakuna bao. Hakuna redio. Hakuna aliyekuwa na kitu mkononi. Mama alikuwa wa mwisho, ngumi zake mbili juu ya goti.

Mzee Wekesa aliniona kwanza. "Kijana, umekosea siku," alisema. "Sisi hucheza Jumamosi."

Nilimtaka Madam afungue kabati lililokuwa na kufuli. Bao lilikuwa humo, na uzi, na kiondo cha Mama. Nilimuuliza kwa nini. Mnadhani aliona haya?

"Kikiisha, wageni tutawaonyesha nini?" alisema. "Na wewe usinipigie kelele. Si ni wewe ulituambia mama yako anasahau?"

Nina hasira na mwanamke huyo hadi leo. Nina hasira na Rispa na kalamu yake ya kutia tiki. Lakini sentensi ile ilikuwa kweli. Silaha waliyomnyamazishia mama yangu niliwapa mimi.

Niliondoka na Mama na kiondo chake mchana ule ule. Mwende aliolewa, akaenda na kiondo cha kununua sokoni. Vidole vya mkono wa kulia wa Mama havifunguki tena. Daktari alivitazama, akaniuliza vilikaa bure muda gani. Nilikuwa na jibu, limo kwenye daftari.

Na kusahau? Mama hajasahau chochote. Ananikumbusha shati nililovaa siku ile niliyomwambia anasahau: la bluu, kifungo cha pili hakikuwepo. Ni kweli hakikuwepo.

Nyinyi mlio na wazazi katika nyumba hizi, nawasihi. Msiende siku mnayosubiriwa. Msisome ukutani, shikeni mikono yao mwone kama inafunguka. Na mzazi akikwambia neno moja tofauti na karatasi, chana karatasi kwanza, uulize baadaye.

Kiondo kile ninacho. Jioni nikitoka karakana humwekea mapajani, pengine vidole vitalegea. Hukigusa kwa nyuma ya mkono, hutazama mlangoni, kisha huniuliza:

"Kuna wageni?"