Niliipa Kompyuta Amri Mbaya, Kisha Nikanyamaza

Nina miaka ishirini na minne. Niliacha shule darasa la sita. Nimebeba tumbaku Kehancha, nimetengeneza redio Rongo... Sikai mahali. Ila nikiona mashine, lazima nijue inavyofanya kazi.

Kompyuta nilijifunzia Migori, katika duka la kupiga chapa. Nilipoondoka nilibeba disketi yenye programu moja ya ajabu. Ubongo wa kompyuta hushughulikia kazi kwa zamu, na programu hiyo hukuruhusu kupanga ipi itangulie.

Homa Bay nilipata kibarua katika zahanati ndogo. Ouko, mlinzi wa pale, alinipa kitanda kwake. Mkewe, Pamela, alikuwa mjamzito na alinipikia kama ndugu yake.

Nesi Rose alikuwa na daftari la majina ya watu wa kuchangia damu. Nikayaingiza yote kwenye kompyuta, kisha nikamwambia daftari halina kazi tena. Akalitumia kuwashia jiko!

Lakini alilalamika kuwa orodha inachelewa kufunguka. Basi asubuhi moja, bila kumwambia mtu, nikaweka programu yangu. Nikaipa orodha ngazi ya juu kabisa, nikaenda kunywa chai. Sikujua kwamba orodha ile, hata ikingoja tu, haipumziki. Ilimeza zamu zote. Kibodi haikubakiziwa hata moja!

Saa nne Pamela alijifungua mtoto wa kike. Damu ikakataa kukoma...

Nesi akaja mbio. Akabonyeza. Kimya. Ouko akachungulia mlangoni, akajaribu kucheka: "Omera, ndugu yangu, ng'ombe wako leo hatoi maziwa?"

Nikazima, nikawasha. Ikaganda tena, maana programu yangu ilijiwasha pamoja na kompyuta. Nilijua dawa yake! Kuiwasha upya kwa kuiruka programu ile, basi. Lakini Nesi alikuwa amesimama begani kwangu. Angeona nilichoweka. Ningefukuzwa, labda nipelekwe polisi...

"Ni umeme, Nesi. Uko chini," nikasema.

Nikajifanya nakagua nyaya. Nikafungua kifuniko, nikafunga. Je, mtu anaweza kuogopa aibu kuliko kifo cha mwenzake? Mimi niliweza.

Nesi akapiga kelele: "Wewe, hebu nipe jina moja tu! Moja!" Akarudi kwa mgonjwa. Alipotoka tu, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Majina yakatokea mara moja.

Mwalimu wa shule ya jirani, aliyekuwa katika orodha, aliitwa, akafika kwa baiskeli akihema. Alikuwa amelala kitandani, mkono wa shati umekunjwa, Nesi alipotoka chumba cha uzazi akitikisa kichwa.

Ouko alinishika mikono yote miwili. "Asante, omera. Nimeona ulivyohangaika na hiyo mashine."

Alinishukuru! Jioni hiyohiyo nikatorokea Migori. Mpaka leo nikisikia mtu akiita "omera" nyuma yangu, nakaza mwendo bila kugeuka. Sijui mtoto yule analelewa na nani. Naogopa kuuliza.

Wasomaji wenzangu, kuchokonoa kitu usichokijua ni kosa, lakini kosa hilo lingerekebishwa kwa dakika tatu. Nawasihi, ukiharibu, sema papo hapo, hata kama watakufukuza, hata kama watakupiga. Mimi nilinyamaza nusu saa, na Pamela hakuwa na nusu saa.