Shikamoo, Pikapu!

Sogeeni, sogeeni karibu. Huyu hapa ni Nakiete. Anakaa mlimani, Upareni, kwenye mashamba ya tangawizi.

Na lile pale bandani ni pikapu la kwao. Ni la bluu. Mlango mmoja tu ni wa kijani, maana ule wa bluu uliliwa na kutu.

Pikapu hilo ni la zamani sana. Babu alilinunua kabla Baba hajazaliwa. Baba alipozaliwa, alilikuta palepale bandani.

"Kwa hiyo limekuzidi umri, Baba?" Nakiete aliuliza siku moja.

"Limenizidi," Baba alisema. "Tena mbali!"

Basi, mkubwa si huamkiwa? Kila asubuhi Nakiete husimama mbele ya zile taa mbili. Huinamisha kichwa kidogo, kwa adabu.

"Shikamoo, Pikapu!"

Baba huzungusha ufunguo.

Ngur, ngur, ngur, NGURUUUUU!

"Umesikia?" Baba husema. "Limeitikia."

Sasa, wiki ile Mama hakuwa nyumbani. Alikuwa kule bondeni, kwenye kituo cha afya. Mama alikuwa amejifungua!

Nakiete alikuwa amepata mdogo wake. Lakini alikuwa hajamwona bado.

"Baba, ana pua?"

"Anayo."

"Ana kucha?"

"Anazo. Ndogo kama punje za ulezi."

Nakiete alitazama kucha zake mwenyewe. Punje za ulezi! Alishindwa kuamini.

"Leo tunawafuata," Baba akasema. "Leo wanakuja nyumbani."

Nakiete akavaa gauni lake la njano. Baba akatandika kanga mbili kwenye kiti, ili Mama akae vizuri. Kila kitu kilikuwa tayari.

"Shikamoo, Pikapu!"

Kwii, kwii, kwii.

Halafu kimya.

Labda halikusikia. Wazee wengine hawasikii vizuri. Nakiete akavuta pumzi, akapaza sauti.

"SHIKAMOO, PIKAPU!"

Kwii, kwii, kwii. Kimya kabisa.

Nakiete aliona vibaya sana. Machozi yakamlengalenga. "Baba, limetununia?"

"Halijanuna, mama. Linaumwa."

"Basi tuwafuate kwa pikipiki."

Baba akatikisa kichwa. "Njia ni mawe matupu. Mtoto ni mchanga, na Mama bado ana maumivu. Pikipiki itawatikisa mno."

"Na gari lisipopona?"

"Watalala kule tena."

Nakiete akatazama zile kanga kwenye kiti. Hakutaka walale kule tena. Hata kidogo!

Baba akampigia simu Fundi Mchome. Haikuchukua muda, wakasikia mfuko wa vyuma ukija njiani. Cheke, cheke, cheke.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Fundi Mchome akafungua boneti. Nakiete akapanda juu ya kreti la soda, akachungulia.

Loo! Mirija hapa, nyaya pale. Vyuma vikubwa, vyuma vidogo. Kumbe ndani ya Pikapu mna mambo yote haya!

Fundi akalegeza mrija mmoja mwembamba. "Zungusha, Baba Nakiete!"

Kwii, kwii, kwii.

Fundi akatazama mdomo wa ule mrija. Nakiete naye akatazama. Halikutoka hata tone.

"Nimeuona ugonjwa," Fundi akasema. "Dizeli imo kwenye tangi. Inakuja, inakuja, inafika hapa. Ikifika hapa, haitoki. Pampu imekufa."

Akagusa chuma kimoja, kikubwa kama kiazi kitamu cha mwaka wa mvua nzuri.

"Pampu kazi yake nini?" Nakiete akauliza.

"Kusukuma dizeli, tone kwa tone. Tone moja, twende! Tone jingine, twende!"

"Tone kubwa?"

Fundi akachovya njiti ya kiberiti kwenye dizeli. Akaiinua juu. Nchani mwa njiti kulikuwa na kitone kidogo, kinang'aa.

"Pampu ikiona hili, italicheka," Fundi akasema. "Itasema hili ni kubwa mno."

Nakiete akasogeza jicho karibu. Karibu zaidi. "Kitone kama hiki ndicho kinachopandisha magunia ya tangawizi?"

"Ndicho."

"Mpaka huku mlimani?"

"Mpaka huku mlimani. Pamoja na Baba yako na kitambi chake."

Baba akavuta tumbo ndani haraka.

Nakiete hakucheka. Alikuwa ameshangaa mpaka amesahau kufunga mdomo. Kitu kidogo namna ile, na mlima wote ule!

"Litapona, Fundi?"

"Litapona. Nyumbani ninayo pampu nzima, ya gari kama hili hili." Akampigia simu mkewe. "Mpe kijana wa pikipiki ailete. Lakini ifungwe vizuri! Isije ikaingia vumbi."

Kisha Fundi akatoa kichupa kidogo mfukoni. Kilikuwa cha rangi ya kucha, nyekundu!

"Fundi, wewe unapaka kucha?"

"Mimi sipaki. Wanaopaka ni magari."

Akachora mstari mwembamba. Ukaanzia kwenye pampu, ukaishia kwenye injini.

"Mstari huu ndio utakaotuonyesha," akasema. "Pampu mpya isimame palepale iliposimama hii. Ikipishana hata unywele, tone litachelewa. Gari litakohoa siku nzima."

Krik, krik, krik. Nati zikalegea moja moja. Pampu ya zamani ikatoka, nyeusi, imechoka.

"Pole, na asante kwa kazi," Nakiete akaiambia.

Mara wakasikia pikipiki inapanda. Yule kijana alikuwa amekumbatia kitu kifuani, kimefungwa kwenye kanga.

Nakiete akaruka kutoka kwenye kreti. Mtoto!

Akafunua kanga kidogo. Hakuwa mtoto. Ilikuwa pampu, safi, inang'aa kwa mafuta.

Lakini hata hivyo Nakiete aliifunika tena, polepole.

Fundi akaziweka pampu mbili juu ya gunia. Zilifanana kama pacha. Akachora mstari mwekundu kwenye ile mpya, mahali palepale.

Krik, krik, krik. Pampu mpya ikaingia.

"Nakiete, wewe una macho mazuri," Fundi akasema. "Nyekundu imekutana na nyekundu?"

"Bado."

Fundi akaisogeza kidogo. "Na sasa?"

"Bado."

Akaisogeza kidogo tena, kidogo kabisa.

"Hapo! Nyekundu imekutana na nyekundu!"

Nati zikakazwa. Mirija ikarudishwa. Nakiete akakimbia mbele ya taa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Pikapu!"

Kwii, kwii, kwii.

Kimya.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nakiete akashika gauni lake kwa mikono miwili. "Fundi, ulisema litapona!"

"Nilisema, na litapona," Fundi akajibu. "Sasa lina upepo tu."

Nakiete akatazama migomba. Hakuna jani lililotikisika.

"Si upepo huo, mwanangu. Tulipofungua mirija, upepo ukaingia ndani. Dizeli inataka kupita. Upepo umekaa njiani, hautaki kuondoka."

Akamwonyesha mrija mmoja wa mpira, mweupe. Ulikuwa unaonyesha mpaka ndani. Mle ndani, ndani ya dizeli, mlikuwa na viputo!

"Baba atasukuma. Wewe tazama. Viputo vikiisha vyote, useme tayari."

Nakiete akarudi juu ya kreti. Baba akaanza kubonyeza kidude cha kusukumia dizeli kwa mkono.

Fyuku, fyuku, fyuku.

Pulu, pulu, pulu. Viputo vikaanza kupita, vikubwa na vidogo. Vilipanda, vikasukumana, vikaenda zao. Vilikuwa vizuri ajabu, na Nakiete hakupepesa macho.

"Tayari?" Baba akauliza.

"Bado, Baba."

Fyuku, fyuku, fyuku. Pulu, pulu.

"Tayari?"

"Bado, Baba."

Baba akatazama jua. Akafuta jasho. "Inatosha sasa! Mama yako anatungoja."

"Baba, bado! Kipo kimoja kimejificha kwenye kona!"

Lakini Baba alikuwa ameshaingia ndani. Akazungusha ufunguo.

Ngur, ngur, ngu... pu.

Likazimika.

Baba akashuka, amenywea. Fundi Mchome akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Baba Nakiete, mwenye macho alisema nini?"

"Alisema bado," Baba akasema. Akainama mbele ya Nakiete. "Nisamehe, mama. Nilikuwa na haraka. Safari hii mpaka useme wewe."

Fyuku, fyuku, fyuku.

Nakiete akatazama ile kona. Kile kiputo kilikuwa pale, kidogo kama punje ya ulezi. Kilitikisika. Kikang'ang'ania. Kikatikisika tena.

Fyuku.

Kikaachia! Kikapanda, kikapanda, kikaenda zake.

Mrija wote ukawa dizeli tupu. Ilipita kimya, safi, haina hata kiputo kimoja.

"Tayari," Nakiete akanong'ona.

Fundi akakaza mrija wa mwisho. Baba akaingia ndani. Nakiete akasimama mbele ya zile taa mbili. Akainamisha kichwa kuliko siku zote.

"Shikamoo, Pikapu."

Ngur, ngur, ngur, NGURUUUUUUUU!

Moshi ukatoka, puuuh! Kuku wakakimbia huku na huku. Boneti ikatetemeka, na Nakiete akatetemeka nayo kwa furaha.

"Limeitikia! Baba, limeitikia!"

Wakateremka bondeni. Njia nzima Nakiete alikaa ametega sikio. Alikuwa anasikiliza vile vitone.

Tone moja, twende. Tone jingine, twende.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kituo. Mapajani alikuwa na kanga iliyokunjwa.

"Nilidhani tutalala tena," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Pampu ilikufa," Nakiete akasema. "Halafu upepo ukaingia. Halafu mimi nikatazama viputo. Mama, naomba nimwone!"

Mama akafunua kanga kidogo.

Lo! Pua ilikuwepo. Kucha zilikuwepo. Zilikuwa ndogo kama punje za ulezi, kama Baba alivyosema.

Nakiete akasogeza jicho karibu. Alikaa tu akimtazama.

Wakapanda mlima polepole, jiwe kwa jiwe. Mama alikaa juu ya kanga mbili. Mtoto hakuamka hata mara moja. Na Pikapu halikukohoa.

Tone moja, twende. Tone jingine, twende.

Nyumbani majirani waliwapokea kwa vigelegele. Fundi Mchome naye alikuwepo, amenawa mikono, anakula ugali. Akalipungia Pikapu mkono.

Baadaye nyumba ikatulia. Nakiete akalala kitandani kando ya Mama. Katikati yao alilala mtoto.

Kifua chake kilikuwa kinapanda, kinashuka. Kinapanda, kinashuka.

"Mama, huyu naye ana pampu ndani?"

"Ana moyo. Weka sikio, usikilize."

Nakiete akaweka sikio, taratibu.

Tu, tu, tu, tu.

"Mama! Mdogo hivi, na unapiga wenyewe!"

"Unapiga wenyewe," Mama akasema. "Hata mimi nashangaa."

Mtoto akafumbua jicho moja. Akamtazama Nakiete. Akafungua kinywa chake kidogo.

"Nge," akasema.

Nakiete akakaa kitako, macho yamemtoka. Kila siku yeye ndiye aliyekuwa mdogo. Alikuwa anamwamkia Mama, anamwamkia Baba, anamwamkia Fundi, anaamkia mpaka Pikapu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamkia yeye.

Hajui kusema vizuri bado, huyu. Lakini mkubwa huitikia.

"Marahaba, mdogo wangu," Nakiete akasema.

Akajifunika. Akalala.