Kisu Kilichobaki Mfukoni

Kila asubuhi Divine alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchota maji bombani. Ya pili, ambayo aliipenda zaidi, ilikuwa kufagia karakana ya baba yake kwa ufagio na sumaku. Ufagio ulikuwa wa vumbi. Sumaku ilikuwa ya kuokota misumari na vipande vya chuma, visije vikamtoboa mtu mguu. Divine alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na aliyajua majina ya vyuma vya karakanani kuliko majina ya mito ya Tanzania, jambo ambalo halikumfurahisha mwalimu wake hata kidogo.

Karakana hiyo ilikuwa nyuma ya nyumba yao, mjini Kibondo. Wakati wa likizo ile karakana ilikuwa imepata sura mpya. Mama yake, Rosa, alikoroga saruji kwa mikono yake mwenyewe akasakafia chini. Baba yake, fundi Nduwayezu, aliezeka bati jipya na kupanua mlango. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimoja, nacho ndicho kikubwa: mashine ya kuchomelea. Ile ya zamani ilikuwa imesukwa kwa waya wa alumini. Mwezi uliopita ilitoa moshi, ikanuka, ikafa, na fundi wa kuchomelea asiye na mashine hana tofauti na mpishi asiye na moto.

Tena ilikufa wakati mbaya. Fundi Nduwayezu alikuwa amepewa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, kutengeneza madawati arobaini ya shule moja ya Kumsenga, ambako watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakikaa chini. Madawati yalitakiwa kabla shule hazijafunguliwa.

"Nikichelewa, kazi atapewa mwingine," alimwambia mkewe. "Na sakafu yako nzuri hii tutaanikia maharage."

Ndipo ikaja habari njema kutoka Kasulu. Mwalimu Mwatumu, aliyefundisha sekondari huko, alikuwa amehamishiwa Lindi na alikuwa anauza mashine yake kabla hajaondoka. Angeondoka baada ya siku tatu.

Lakini heri haiji peke yake. Siku hiyohiyo fundi Nduwayezu alikwenda kwa jirani kuunga bawaba moja ya geti kwa mashine ya kuazima. Miwani yake nyeusi ilikuwa imepasuka. "Ni bawaba moja tu," alijisemea, akachomelea macho wazi. Mwanga wa kuchomelea haujui kuhesabu bawaba. Kulipokucha macho yake yalikuwa mekundu, yanachuruzika machozi na kuwasha kama yametiwa mchanga. Zahanati walimpa dawa ya matone, wakamwambia akae na kitambaa machoni, asiyafungue kwenye mwanga mpaka yapoe.

"Divine," baba yake alimwita, "leo wewe ndiye macho yangu. Tunakwenda Kasulu."

Akamkabidhi kisu kidogo cha kukunja.

"Sikiliza vizuri. Ndani ya mashine utaona waya mnene umezungushwa. Umepakwa dawa ya rangi ya kahawia, kwa hiyo kwa nje shaba na alumini ni mapacha. Kwaruza kidogo kwa kisu. Pakionekana pekundu, hiyo ni shaba, tunanunua. Pakionekana peupe, ni alumini, tunaaga na kurudi zetu. Ya alumini haitamaliza hata madawati kumi. Umesikia?"

"Ego, baba," Divine alijibu.

Nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi za huko, neno hilo lilikuwa na kazi nyingi. Ego ni ndiyo. Ego ni sawa. Ego ni nimekusikia, au naja. Mtoto mwenye adabu husema ego hata kabla mkubwa hajamaliza kusema, na Divine alisifiwa sana kwa adabu.

Waliondoka kwa kirikuu cha Japhet, jirani yao aliyebeba mizigo ya watu kwa gari hilo dogo. Walipofika Kasulu walimkuta Mwalimu Mwatumu amezungukwa na maboksi. Alikuwa mtu wa Tanga, mwenye maneno matamu na mkono mwepesi wa kukaribisha.

"Karibuni jamani! Loo, masikini, macho yamefanya nini tena? Kaa hapa sebuleni fundi, pana kivuli. Na wewe mwanangu, kunywa chai kwanza, vitumbua hivyo hapo. Mtoto wa watu ametoka mbali!"

Baada ya chai, Mwalimu aliwapeleka Divine na Japhet uani, kwenye stoo. Mashine ilikuwa ya buluu, imefutwa vumbi, ina magurudumu mawili. Japhet aliiwasha, akageuza uso na kugusisha kijiti kwenye kipande cha chuma. Cheche ziliruka.

"Nasikia sauti nzuri," fundi Nduwayezu alisema kutoka sebuleni. "Lakini mashine yoyote huimba vizuri siku ya kwanza. Divine, fanya kazi yako."

Mwalimu mwenyewe alifungua kifuniko. "Angalia tu mama, ni shaba tupu hiyo. Niliisukisha upya mwaka jana."

Divine aliingiza mkono mfukoni, akakishika kile kisu. Hapo ndipo uzito ulipoanza. Huyu alikuwa mwalimu, mtu mzima, aliyemkaribisha vitumbua, amesimama palepale kando yake. Amekwisha kusema ni shaba. Kutoa kisu na kukwaruza kitu chake mbele ya macho yake, si ni sawa na kumwambia, "Mwalimu, wewe ni mwongo"? Divine aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Aliutazama ule waya wa kahawia. Kisu kikabaki mfukoni.

"Warabonye?" baba yake aliuliza kwa lugha ya nyumbani. Alikuwa akiuliza kama ameona.

"Ego, baba."

Mwalimu Mwatumu alicheka. "Miaka sita nimekaa hapa, na mpaka leo sijui mnaposema ego mnasema ndiyo au mnasema nimesikia!"

Wote walicheka, isipokuwa Divine.

Malipo yakafanyika, wakaagana. Japhet alijiandaa kuita mtu wa kumsaidia kubeba, kisha akajaribu mwenyewe, akainyanyua mashine na kuiweka nyuma ya gari.

"Jamani, leo nimekula nini?" alijisifu. "Mashine ya kuchomelea naibeba peke yangu kama gunia la mkaa!"

Baba alikuwa ameshaketi mbele na kitambaa chake machoni, hakusikia. Divine alisikia. Alijua kwamba shaba ni nzito kuliko alumini. Baba yake alimfundisha hilo alipokuwa darasa la tatu.

Gari likaondoka. Divine alikaa katikati, amebanwa na watu wawili wenye furaha. Alijitetea moyoni. Sikusema uongo, alijiambia. Nilisema ego, na ego ni nimekusikia. Ni kweli nilimsikia baba. Utetezi ulikuwa mzuri, ila haukumsaidia kitu.

"Madawati arobaini, Divine," baba yake alisema akisugua viganja. "Tutaanza na miguu yote, halafu tunaunga viti. Mama yako atapaka rangi. Na wale watoto wa Kumsenga watanyanyuka kutoka kwenye vumbi."

Divine hakuweza kuvumilia tena.

"Mjomba Japhet, simamisha gari."

"Unataka kuchimba dawa?" Japhet aliuliza.

"Hapana. Baba, sikukwaruza."

Japhet akasimamisha gari pembeni. Nyumba za mwisho za Kasulu zilikuwa bado zinaonekana nyuma yao. Divine alitamani baba yake amgombeze tu yaishe.

"Nilikuuliza kama umeona," baba alisema taratibu. "Ukaniambia ego."

"Nilimaanisha nimekusikia, baba."

"Ndivyo ulivyomaanisha kweli?"

Divine alikitazama kitambaa kile cheupe machoni mwa baba yake. Mtu anayekuona unaweza kumficha uso. Asiyekuona amekutegemea mzima mzima. Machozi yakamtoka.

"Hapana, baba. Nilijua utaelewa ndiyo. Nilimwonea haya Mwalimu."

Baba alivuta pumzi ndefu. "Haya. Shuka sasa ukakwaruze."

Divine alipanda nyuma ya gari, akafungua kifuniko, akakwaruza. Ile dawa ya kahawia ilibanduka kidogo, na chini yake pakang'aa.

"Rangi gani?"

"Nyeupe, baba. Nyeupe pe."

"Mungu wangu," alisema Japhet, akageuza gari bila kuambiwa.

Njia nzima ya kurudi Divine aliomba Mwalimu awe bado yupo. Alikuwepo, akifunga vyombo kwa magazeti. Fundi Nduwayezu alitaka kusema, lakini Divine alimtangulia.

"Shikamoo tena, Mwalimu. Naomba unisamehe. Niliogopa kukwaruza waya mbele yako. Nimekwaruza njiani, ni alumini."

Mwalimu Mwatumu aliinama, akatazama mwenyewe. Uso wake ulibadilika. Alikaa juu ya boksi, akapiga paja.

"Yule aliyeisuka alinitoza ya shaba! Na mimi mwalimu mzima nikaamini kwa macho, sikukwaruza. Lo! Ningekwenda Lindi huku nyuma watu wa Kibondo wananitaja kwa ubaya." Alimshika Divine bega. "Mwanangu, ungeikwaruza mbele yangu nisingekasirika. Ningeaibika kidogo tu, na aibu ya dakika moja haiui mtu."

Alikuwa tayari kuwarudishia fedha zote. Fundi Nduwayezu aliinama akaipapasa mashine kwa vidole, ubavu hadi ubavu. Kasha lake lilikuwa zima, chuma cha ndani kizima, magurudumu mazima. Waya tu ndio uliokuwa mbovu. Basi wakakubaliana vizuri. Mwalimu aliwarudishia fedha za kutosha kuisuka upya, nao wakaipeleka mashine kwa Saady, fundi wa kusuka mota aliyeaminika pale Kasulu. Saady aliomba siku nne.

"Siku nne!" alisema Rosa walipofika nyumbani mikono mitupu na kusimulia yote. Alimtazama Divine, akataka kusema neno, akaona macho ya mtoto yalivyovimba. "Basi. Siku nne si mwaka. Tutakata vyuma vyote kwa msumeno wakati tunasubiri."

Na walikata. Divine alikata mpaka viganja vikatoa malengelenge, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Jioni ya siku ya pili baba yake, ambaye sasa aliweza kufungua macho kivulini, alikaa naye juu ya rundo la vyuma.

"Unajua nani alianza kosa hili?" alimuuliza.

"Mimi, baba."

"Hapana. Mimi. Nilijiambia ni bawaba moja tu. Wewe ukajiambia ni neno moja tu. Kosa likivaa nguo ndogo, mtu hulifungulia mlango mwenyewe."

Siku ya nne walirudi Kasulu. Macho ya fundi Nduwayezu yalikuwa yamepona, na mfukoni alikuwa na miwani mpya nyeusi. Saady aliwaonyesha mashine ikiwa wazi juu ya meza. Divine alimpisha baba yake apite kwenda kuangalia, lakini baba alisimama mlangoni, akatoa kile kisu kidogo na kumpa.

"Fundi Saady, binti yangu atakwaruza. Usikasirike."

"Akwaruze!" Saady alijibu akicheka. "Anayeogopa kukwaruzwa ana lake jambo."

Divine alifungua kisu. Haya zilimjia tena, maana haya haziishi kwa siku nne, lakini safari hii alikwaruza nazo zikiwa palepale. Kisha akainuka.

"Nyekundu, baba. Nimekwaruza sehemu tatu, zote nyekundu. Upande wa chini sijaona, mkono wangu haufiki."

Saady aliilaza mashine ubavu bila kuombwa. Divine akakwaruza upande wa chini pia.

"Nyekundu."

"Basi tupakie," alisema fundi Nduwayezu. Hakuisogelea mashine kuhakikisha. Japhet alijaribu kuinyanyua peke yake, akashindwa, wakacheka wote, Divine akiwa wa kwanza.

Kuanzia siku hiyo karakana haikulala njaa ya kazi. Baba alichomelea, miwani usoni hata kama ni sehemu ndogo kama kucha. Mama alipaka rangi. Divine alipiga msasa na kupanga. Mashine haikutoa moshi hata mara moja. Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, dawati la arobaini lilipakiwa kwenye kirikuu, ambacho kilikwenda Kumsenga mara tano.

Shuleni, watoto wadogo waliokuja na dada zao kufanya usafi waliyakimbilia madawati hata kabla hayajapangwa. Mmoja alikaa, akashuka, akakaa tena, kuhakikisha kama ni kweli. Fundi Nduwayezu alimwita Divine pembeni.

"Unawaona wale? Wangerudi kukaa chini shule zikifunguliwa kama ungenyamaza kwenye lile gari. Adabu ni kitu kizuri, mwanangu, uendelee nayo. Lakini adabu haimkatazi mtu kusema ukweli. Mtu akikuuliza umeona, na hujaona, mwambie sijaona. Utaona haya kidogo, halafu zitapita. Ila mtu akijenga juu ya neno lako la uongo, siku litakapovunjika ataanguka nalo. Siku ile ulipolia barabarani, mimi sikukuona. Lakini ndiyo siku niliyojua kwamba naweza kukuamini kuliko macho yangu."

Divine alikwenda kwenye dawati la karibu. Aliinua upande mmoja wa dawati, baba yake akainua wa pili, wakaliingiza darasani.