Kiganja cha Mama

Kila Jumamosi asubuhi, Kasuku na mama yake walikuwa chumba cha nyuma wakitengeneza sabuni. Mama alikata miche, Kasuku akagonga muhuri kwenye kila kipande. Jina hilo la Kasuku alibandikwa na wenzake shuleni, maana mdomo wake haukuwa na breki. Alama ya muhuri aliichora mwenyewe: kiganja cha mama, pamoja na kovu la siku alipounguzwa na dawa ya sabuni. Biashara ilikuwa na miezi mitano tu, lakini wateja walishazoea kuuliza, "Ile ya kiganja ipo?"

Siku moja, mama akiwa amepeleka mzigo, alikuja shangazi, dada yake baba. Alimsifu Kasuku mpaka kichwa kikamvimba. "Wewe fundi, mwanangu! Hebu nipe ule mchoro wenyewe nikautundike sebuleni." Kasuku akampa. Tena, bila hata kuulizwa, akamwambia kwamba mama hajaisajili alama hiyo.

Wiki tatu baadaye shangazi alirudi na cheti. Hakuketi. "Wifi, kiganja nimekisajili mimi, kwa sabuni zangu. Kifute."

"Huu si mkono wangu?" Mama aliuinua, kovu likaonekana.

"Mkono wako, wifi. Alama yangu."

Kwenye ofisi ya usajili, afisa aliwasikiliza vizuri, kisha akauliza, "Mchoro wa kwanza mnao?"

"Nilimpa shangazi," Kasuku akanong'ona. Mama hakumtazama.

"Basi sina la kuwasaidia," alisema afisa. "Hapa tunaangalia aliyetangulia kusajili na mwenye ushahidi. Leteni alama nyingine, na msimwonyeshe mtu kabla ya kuisajili."

Keshoye mama alimpa Kasuku kisu na vipande mia mbili vya sabuni. "Kwangua." Akakwangua vidole vya mama, kimoja kimoja, akilia. Shangazi alipita dirishani akamwambia, "Pole, fundi," akacheka.

Baada ya wiki tatu, jioni, mama alirudi na cheti cha alama mpya. Biashara ilikuwa imepona.

"Mama, umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Ulichokibuni ni mali, kama nyumba. Ulimfungulia mlango mtu kwa sababu tu amekusifu."

"Sitarudia, mama. Alama mpya ni ipi?"

Mama alikunja cheti, akakitia kifuani.

"Utaiona dukani," alisema, "siku wateja watakapoiona."