Sensa ya Yakobo

Nilikuwa napepeta mchele uani kwangu, Bondeni, nikiwaza kama utatufikisha Jumapili, Queen wa jirani alipoingia bila hodi. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi.

"Mama Kisa, mashine imemuua Andongwisye kule Njisi. Wamemkamata mdogo wako. Wanampiga."

Niliweka ungo chini. Nikamwambia afunike mchele kuku wasiumalize, na awaangalie Kisa na Lameck wakitoka shule. Kisha nikatafuta bodaboda. Sikulia. Kulia njiani hakumsaidii mtu anayepigwa.

Lusungu ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama alipofariki nilimlea mimi. Alikuwa opareta wa ekskaveta ya Telesphory, mkandarasi aliyekuja Kyela na mashine mbili zilizokwisha kutumika, za aina moja. Moja ilichimba mitaro ya mashamba ya mpunga Njisi. Ya pili ilikuwa imesimama Matema tangu mkono wake wa chuma ulipomwangukia opareta wake, Yakobo, ukamsaga kifua. Matanga ya Yakobo yalikuwa bado hayajaanuliwa.

Mume wangu, Ambwene, ndiye fundi wa mashine hizo. Huunganisha kifaa kidogo chenye skrini, akasoma namba ya hitilafu, akajua ni sensa gani, vile vipimio vidogo vya ndani ya mashine, inadanganya. Siku chache kabla, mashine ya Njisi ilikuwa imekosa nguvu, na namba ikailaumu sensa ya presha ya dizeli. Fundi akishuku sensa, huazima nzima kwenye mashine nyingine aone kama tatizo litakwisha. Ambwene akaenda Matema, akafungua ya kule, akaifunga Njisi. Mashine ikapona.

Kwetu kitu cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaanuliwe na ndugu wagawane. Hata mpini wa jembe. Ambwene anajua hilo tangu utoto. Lakini mashine ilikuwa ya Telesphory, na Telesphory alikuwa hai, kwa hiyo hakuona kosa.

Nilipofika Njisi walikuwa wamemfunga Lusungu kwa kamba za katani, mkono huku na mkono kule, kwenye ule mnyororo mpana unaoitembeza mashine. Jicho moja lilikuwa limeziba. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Kando yake Andongwisye, aliyekuwa akiipaka mashine grisi, alikuwa amelala chini ya kitenge. Upande wa kichwa, kitenge kilikuwa kimelala bapa juu ya udongo.

"Niliizima, dada," Lusungu alisema. "Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nanawa nile."

"Kwa hiyo mkono ulijishusha wenyewe?" Eliud, kaka wa marehemu, alimtandika mpini wa jembe mbavuni. "Au ulimwona ndugu yangu mpunga, ukamtwanga?"

Nikasimama katikati yao. "Anza na mimi, Eliud."

Akanipiga. Mpini ulinipata kwenye kiwiko, na mpaka leo mkono huo haunyooki vizuri. Angeongeza wa pili, lakini gari la Telesphory likaingia shambani, na Ambwene akashuka na kifaa chake.

"Fundi, pima," Telesphory alisema. "Kompyuta ya mashine inatunza saa injini ilipozimwa."

"Ikisema aliiwasha," Eliud alisema, "huyu hatoki hapa akiwa mzima. Na wewe fundi usijaribu kumkingia shemeji yako. Nitasoma mwenyewe."

Ambwene aliunganisha kifaa. Eliud, aliyekuwa amempokonya Lusungu ufunguo, akauzungusha kidogo ili umeme upite, bila kuwasha injini. Wote wawili wakainamia skrini. Nikasogea.

Mzunguko wa injini ulikuwa sifuri. Presha ya dizeli ilikuwa inapanda.

"Nayo ilitakiwa kuwa sifuri," Ambwene alinong'ona. "Injini imezimwa."

Namba zilipanda, zikakaa, zikashuka. Zikapanda tena.

"Ndivyo inavyosoma ikiwa inachimba," alisema. "Inabeba udongo, inamwaga. Inabeba."

"Sensa mbovu hiyo," Telesphory alisema.

"Eliud, chomoa ufunguo."

Eliud aliuchomoa. Skrini ilitakiwa kuzimika. Haikuzimika. Namba ziliendelea kubeba na kumwaga, polepole, kama za mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Ambwene alimgeukia Telesphory. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Bosi, ile sensa ya Matema ulinunua wewe?"

"Ipi? Hiyo Yakobo alijinunulia mwenyewe Mbeya. Nilimwambia avumilie na ile mbovu, akajifanya anaijua mashine kuliko mimi. Kwani vipi?"

Wanawake waliokuwa nyuma walianza kurudi kinyumenyume.

Mkono wa mashine ukainuka.

Injini haikuunguruma. Kiti kilikuwa kitupu. Kilichosikika ni chuma tu, kikilia kwenye maungio. Mkono ulizunguka taratibu, ukamtafuta Telesphory, ukampata. Ndoo ilimpiga kifuani akaanguka chali. Alijaribu kutambaa. Ndoo ikamshukia kwenye goti. Ikainuka. Ikashuka tena, palepale. Mguu ulibaki unaning'inia kwa ngozi.

Kisha mnyororo ukaanza kutembea.

Ulitembea polepole, ukimvuta Lusungu mbele, kule unakoingia chini ya mashine. Hakupiga kelele. Aliniita tu. Nilimpokonya mama mmoja mundu wa kuvunia, nikakata kamba ya kwanza. Ya pili ilikuwa upande wa mbali. Ambwene alikuwa amepanda mgongoni mwa mashine, kichwa chake ndani ya injini, spana mkononi. Eliud alitupa mpini, akamshika Lusungu kiunoni, akavuta. Kamba haikuachia. Nilinyoosha mundu. Sikuifikia. Naapa sikuifikia.

Lusungu akatoka ghafla, akatuangukia wote wawili.

Mnyororo ukasimama. Juu, Ambwene alikuwa ameishika ile sensa. Ilikuwa imemuunguza kiganja, nyama nyekundu imefunuka, na vidole vilikataa kuiachia. Injini yenyewe, alisema, ilikuwa ya baridi.

Nikaiangalia kamba ya pili. Haikukatika. Fundo lake lilikuwa limefunguliwa.

Telesphory walimkimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe. Eliud alikaa chini karibu na kitenge, akanitazama nikimwinua mdogo wangu. "Mpeleke nyumbani," alisema, basi.

Hatukwenda nyumbani kwanza. Tulikodi gari mpaka Matema, Lusungu amelazwa kiti cha nyuma. Doreen, mjane wa Yakobo, alikuwa anaanika samaki mbele ya nyumba. Ambwene alinyoosha kile kipande cha chuma kwa mkono uliofungwa kitambaa.

"Tusamehe. Ni cha mwenzako."

"Nilikuwa naitafuta kwenye vitu vyake," alisema. "Ndaga, asanteni." Akaifutia kwenye kanga, akaifunga ndani ya shati la mume wake. "Matanga tunaanua Jumamosi. Mje."

"Tutakuja."

Alitusindikiza mpaka kwenye gari. Lusungu alikuwa amegeuka ubavu, shati limempanda mgongoni. Doreen alimtazama kiunoni kama anayekitambua kitu, akarudi ndani bila kutuaga.

Nyumbani nilichemsha maji, nikamvua Lusungu shati nimsafishe vidonda. Kiunoni kwa nyuma, juu ya alama za mpini, kulikuwa na alama ya kiganja cha grisi. Mkono mkubwa wa mwanaume, vidole vimetanuka. Eliud alikuwa amemshika kwa mbele, na mikono yake haikuwa na grisi. Nilisugua kwa sabuni. Nikasugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alama haikutoka.

"Unaniumiza, dada."

"Kaa kimya."

Nikasonga ugali, nikakaanga usipa, dagaa wetu wa ziwani, nikapakua. Watoto walikuwa na njaa, na njaa yao haijui mashine. Ambwene alikula kwa mkono wa kushoto. Nikawahesabu mkekani: mume wangu, Kisa, Lameck, Lusungu bila shati kwa sababu ya vidonda, na mimi. Wote tupo.

Lusungu aliinama kunawa. Kiunoni hapakuwa na kitu, ngozi safi. Kiganja kilikuwa begani sasa, vidole vimeelekea shingoni.

Nikamsogezea bakuli la usipa, nikamwambia ale.