Mita Sitini Nilizoziomba Mwenyewe

"Kuanzia leo usiniite dada."

Aliyasema hayo taratibu, ukumbi mzima ukisikia. Dada yangu mkubwa, mjane, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto…

 

Ndugu wasomaji, ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Ulikuwa mkutano wa mazingira wa mtaa wetu. Hoja ilikuwa moja: tuuokoeje mto wetu unaonuka? Wataalamu walipendekeza ukanda wa miti, mita thelathini kila upande wa mto. Nyumba yoyote itakayokutwa humo, ivunjwe.

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Fundi magari mmoja, tunamwita Grisi, anamwaga oili chafu mtoni mchana kweupe. Nilishapima kwa macho. Gereji yake iko kama mita hamsini kutoka kwenye maji. Thelathini zingemwacha salama.

Nikanyoosha mkono. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa na mvi kichwani, na kuongea mbele za watu nakuweza.

"Mwenyekiti, thelathini ni mzaha. Tuweke sitini."

Grisi akainuka upesi.

"Mzee, sitini hapana. Nakuomba."

"Nimekugusa penye kidonda?"

Watu wakacheka.

"Baba, nisikilize kwanza. Ile ramani…"

"Kaa chini, wewe. Mto umeushibisha oili, leo unaijua ramani?"

Wakacheka tena. Grisi akatikisa kichwa, akakaa.

"Sikio la kufa," nilimsikia akinung'unika.

Nikawageukia majirani zangu. Mambo ya serikali huwa nawafafanulia mimi.

"Nyoosheni mikono, jamani."

Wakanyoosha wote. Sitini zikapita. Nikaketi kama bwana harusi, makofi yananimwagikia.

Baada ya chakula, mpima ardhi akawasha projekta. Ramani ikatokea ukutani, ukanda wa miti umepakwa kijani.

Nikaitafuta gereji ya Grisi. Nyeupe. Haikuguswa.

Nikaitafuta nyumba ya dada… ilikuwa ndani ya kijani.

"Umekosea," nikamwambia mpima. "Kwake ni mbali na maji kuliko gereji."

"Mzee, ramani inayotambulika ni hii. Inaonyesha mto ulipokuwa zamani."

"Lakini mto ulihama! Ulisogea upande wa gereji, ukaenda mbali na kwa dada, kila mtu hapa anajua."

"Kwenye ramani haujahama."

Nikamkimbilia mwenyekiti. Sikujali tena heshima yangu. Nilimshika mkono kama mtoto anayeomba asichapwe.

"Rudisha thelathini. Kwa thelathini nyumba yake inapona. Au vunjeni yangu."

"Azimio limepita, mzee. Hoja ni yako, na ukumbi wote umekubali. Hata dada yako alinyoosha."

Nikamgeukia dada.

"Nilinyoosha kwa sababu wewe ulinyoosha," akasema. Ndipo akanikana kama nilivyowaambia.

Nilimkuta Grisi nje, ameegemea ukuta. Nikammwagia hasira zote.

"Ulijua! Ulijua gereji yako haiguswi!"

"Nilijua. Ramani hiyo niliiona siku nanunua kiwanja changu."

"Sasa ulikuwa unalilia nini mle ndani?"



"Nilikuwa namlilia dada yako, mzee. Wanangu wanashinda kwake nikiwa kazini. Nilitaka kukwambia, ukawapa watu cha kucheka."

 

Jioni nikaenda kwa dada. Nilimkuta anang'oa mapazia.

"Hamia kwangu," nikamwambia. "Chumba kipo."

Hakugeuka.

"Kwako ni mita ngapi kutoka mtoni?"

Nikasimama mlangoni, nikagundua sijui. Nyumba yangu sikuitafuta kwenye ramani.

Ndugu zangu, adui yako akikwambia ngoja, ngoja. Humpendi, sawa. Lakini mwache amalize sentensi yake.